Dozi ya Nne

Kenya ilizindua chanjo ya malaria katika kaunti ya Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, karibu miezi mitano baada ya Malawi na Ghana. Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Chanjo hiyo, RTS,S, ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, na kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa maelfu ya watoto katika nchi saba za Afrika, wakiwemo watoto wa Siaya, Kombewa na Kilifi. Waliopata dozi zote nne waliepushwa takriban visa vinne katika kila kumi ambavyo wangeugua ndani ya miaka minne. Kinga hiyo si kamili. Lakini kwa ugonjwa unaojaza wodi za watoto kila baada ya mvua, vinne katika kumi si haba.

Kenya ilipanga ratiba hivi: miezi sita, saba, tisa, kisha ishirini na minne. Ukiisoma upesi haina neno. Isome tena ukiwa na kijitabu cha kliniki mkononi. Mwezi wa sita mama huenda kituoni kwa ajili ya vitamini A. Mwezi wa tisa anajua kuna chanjo ya surua, na ya pili ya surua inakuja mwezi wa kumi na nane. Mwezi wa ishirini na nne hakuna sindano nyingine yoyote inayomwita. Kufikia hapo mtoto anakimbia uani, pengine mdogo wake yuko tumboni, mama amerudi kuuza omena, au mtoto amepelekwa kwa nyanya yake upande wa pili wa kaunti na kijitabu kimebaki kabatini. Kinga ya dozi tatu za kwanza hufifia kadiri miezi inavyopita, na ya nne imewekwa ili kuirefusha. Ndiyo wengi wanayoikosa.

Chanjo yenyewe haikushindwa. Tathmini ya nchi tatu za majaribio ilionyesha kuwa vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, na Machi 2023 Kenya iliipeleka kwenye kaunti ndogo nyingine za eneo la ziwa. Ninachosema ni kwamba miradi mingi ya malaria iliyopita Homa Bay na kaunti jirani ya Migori imekwama palepale inapokwama dozi ya nne. Ilianza vizuri, dawa ilifanya kazi, watu waliipokea. Ugumu ulikuwa kurudi.

Kimelea chenyewe kinaijua kazi ya kurudi. Mbu jike wa Anofelesi anapouma huingiza vimelea vichache vya Plasmodium falciparum, mara nyingi visivyofika mia. Muda si mrefu vimejificha kwenye ini, ambako hukaa karibu wiki moja bila mwenye mwili kuhisi chochote. Wakati huo kila seli ya ini iliyoingiliwa inatengeneza vimelea vipya kwa makumi ya maelfu. Vikimwagika kwenye damu huingia katika chembe nyekundu, huzaana, hupasua chembe na kuvamia nyingine, na mzunguko huo huchukua kama saa 48. Homa na baridi ile inayotetemesha kitanda ndiyo dalili ya kupasuka huko. Baadhi ya vimelea hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, hukomaa kwa siku kumi hivi, kisha husubiri mbu mwingine aje kuvifyonza.

Ndani ya mbu nako kuna kusubiri. Kimelea huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kufika kwenye tezi za mate, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, malaria huambukizwa na mbu waliobahatika kuzeeka. Ndiyo maana chandarua chenye dawa na ukuta uliopuliziwa vina nguvu kubwa kuliko mtu anavyodhani. Havihitaji kummaliza mbu. Vikimpunguzia siku chache za maisha, maambukizi yanaporomoka. Lakini hesabu hiyohiyo hugeuka upesi. Jike mmoja hutaga mayai mengi kwa mara moja, na katika joto la kando ya ziwa yai huwa mbu ndani ya siku kumi au zaidi kidogo. Ulinzi ukilegea msimu mmoja, mbu wazee wanarejea.

Kisha kuna watu wasioumwa. Aliyekulia kando ya ziwa, Mbita, Karungu au Muhuru Bay, ameumwa na mbu mara nyingi hata mwili wake umejifunza kuishi na kimelea. Anavua, analima, anasoma, na vimelea vimo damuni. Mara nyingi ni vichache mno hata darubini haivioni. Watoto wa umri wa shule ndio hasa wanaovibeba, na hao ndio wasiofikiwa sana na mipango yetu, kwa sababu kliniki na chanjo hulenga walio chini ya miaka mitano. Katika nyumba ya vyumba viwili, ni wao wanaotandikiwa sebuleni au jikoni usiku, mahali ambapo chandarua hakina pa kufungwa.

Kisiwa cha Ngodhe, karibu na kisiwa cha Rusinga, kilionyesha jambo hili wazi. Ni kisiwa kidogo chenye watu mia kadhaa. Mwaka 2016 watafiti waliwapa karibu wakazi wote dawa ya kumeza, aumwaye na asiyeumwa, kwa awamu mbili. Wazo lilikuwa kufagia vimelea vyote kwenye damu kwa wakati mmoja ili mbu wakose cha kubeba. Watu walikubali, dawa ikafanya kazi, vimelea vikapungua hadi karibu kutoonekana. Miezi michache baadaye vilikuwa vimerudi. Hakuna ukuta kati ya Ngodhe na bara. Kuna maji, na mitumbwi hupita humo kutwa kucha: watu wanakwenda sokoni, shuleni, mazikoni. Sioni kwamba jaribio lile lilikuwa bure. Lilitufundisha kwamba kisiwa ni kisiwa kwenye ramani tu.

Upuliziaji wa dawa majumbani una historia ndefu zaidi huku, na ndio unaoonyesha vizuri tabia ya miradi yetu. Kati ya 2008 na 2012 nyumba za Rachuonyo, ambayo leo ni sehemu ya Homa Bay, na za wilaya kadhaa za jirani zilipuliziwa dawa za kundi la pairethroidi. Dawa za kundi hilohilo ndizo zilizokuwa kwenye vyandarua, na hutumika pia mashambani. Mbu wakazizoea. Upuliziaji ukasimama, na kwa miaka kadhaa familia za eneo hili zilibaki na vyandarua tu, vilivyotiwa dawa ambayo mbu walishaifahamu.

Ulirejea Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka uliofuata, kwa fedha za Mpango wa Rais wa Marekani wa Kupambana na Malaria, safari hii kwa dawa ya kundi tofauti, Actellic 300CS. Asiyewahi kupuliziwa nyumba anaweza kudhani ni kazi ya dakika tano. Kwanza kila kitu hutoka nje: vitanda, magunia ya mahindi, sufuria, kuku waliokuwa wakiatamia. Vijana wa hapohapo walioajiriwa kwa muda huingia na pampu mgongoni, ovaroli, barakoa na glavu, na kupaka kuta kwa mwendo uliopimwa. Wenye nyumba hukaa nje saa kadhaa. Mambo haya sharti yakamilike kabla ya masika, kwa sababu mbu wa mvua wakishatanda utakuwa unafukuzana nao. Halafu mwezi mmoja baadaye mama mwenye nyumba ya udongo anasiriba ukuta wake upya, kama afanyavyo kila mwaka, na dawa yote inazikwa chini ya udongo mpya. Hakufanya kosa. Hakuna aliyeuliza ni mwezi gani yeye husiriba.

Jambo jingine ambalo wapangaji hulisahau ni kunguni. Mwananchi haoni vimelea. Anaona mende waliokufa sakafuni asubuhi na kunguni waliotoweka kitandani, na kwa kuwatazama hao ndipo hutoa hukumu kama dawa ni nzuri au ni maji matupu. Dawa mpya zaidi kama clothianidin humuua mbu polepole, hata baada ya siku kadhaa. Kwa mtaalamu wa wadudu hiyo si hoja, maana mbu atakufa kabla ya kuzeeka. Kwa mwenye nyumba aliyehamisha magunia yake kisha akaona mbu anaruka jioni ileile, hoja ni kubwa.

Migori matokeo yalikuwa mazuri. Mbu aina ya funestus, anayependa kuuma ndani usiku wa manane na kupumzika ukutani, alipungua sana, na sehemu ya watu waliopimwa na kukutwa na malaria vituoni ikashuka. Hapa lazima niongeze angalizo ambalo ripoti za shangwe huliruka. Mwaka 2017 ulianza na mgomo wa madaktari, uliokuwa umeanza Desemba 2016 na kumalizika Machi, na tangu Juni hadi mwanzoni mwa Novemba wauguzi nao waligoma. Kituo kikifungwa, wagonjwa hupungua kwenye daftari, si kijijini. Watafiti makini walilijua hilo, ndiyo maana waliwategea mbu wenyewe mitego na kuwahesabu. Mbu hawagomi. Hesabu yao ilisema upuliziaji ulifanya kazi.

Lakini dawa ya ukutani hudumu miezi kadhaa, kwa hiyo kazi nzuri ya mwaka huu haina faida mwaka kesho kama hakuna atakayerudi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afanyeje mgeni akishaondoka. Kaskazini mwa Uganda waliliona hilo mapema. Wilaya kumi zilizopuliziwa kwa miaka kadhaa ziliachwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata malaria ililipuka na kujaza vituo vya afya. Kisha zamu ikawa yetu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Mfuko uliolipia pampu, dawa na vibarua wa Migori na Homa Bay ulikuwa ukipitia huko.

Ni rahisi kuishia Washington na kulaumu. Mimi ningeanzia karibu zaidi. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1, na malalamiko ya kaunti kwamba pesa za Hazina Kuu huchelewa yamekuwa wimbo wa kila mwaka tangu ugatuzi uanze 2013. Masika huanza Machi. Kaunti inayotaka kupulizia nyumba kwa pesa zake inahitaji dawa iliyoagizwa mapema, vijana waliofunzwa Januari, na fedha taslimu za posho Februari, wakati ambao kwa kawaida watumishi wenyewe wanadai mishahara. Katika hesabu hiyo mfadhili wa kigeni alitoa kitu kikubwa kuliko dola: alitoa pesa zilizofika kwa wakati.

Mradi uliobuniwa kwa akili nyingi kuliko yote, kwa maoni yangu, ulikuwa Rusinga. Uliitwa SolarMal, ukaendeshwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambacho kina kambi Mbita, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya afya ya kitropiki ya Uswisi. Wazo lilikuwa kuwanasa mbu bila kunyunyiza sumu yoyote. Kila nyumba ilipewa mtego uitwao Suna, wenye feni ndogo na vitambaa vya nailoni vilivyotiwa harufu bandia ya binadamu. Mbu anayekuja kutafuta mtu hufuata harufu, feni humvuta, hatoki. Feni inahitaji umeme, na Rusinga nyumba nyingi hazikuwa nao. Basi kila paa likawekwa paneli ya sola, na kwa kuwa paneli ipo, nyumba ikapata taa mbili na mahali pa kuchajia simu.

Kati ya Juni 2013 na Mei 2015 nyumba 4,358 ziliwekewa vifaa hivyo, mtaa baada ya mtaa, ili walionao walinganishwe na waliokuwa wakisubiri zamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet. Waliopimwa kidoleni na kukutwa na malaria walikuwa asilimia 23.7 palipokuwa na mitego na asilimia 34.5 pasipokuwa nayo. Funestus walipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Walioumwa hasa katika kipindi hicho walikuwa wachache mno kuthibitisha chochote kuhusu homa yenyewe, na watafiti walisema hivyo bila kuficha.

Watafiti wa sayansi ya jamii walioufuatilia mradi huo kwa karibu waliona jambo ambalo mkazi yeyote wa Rusinga angewaambia kabla ya paneli ya kwanza kufika. Watu waliupenda mradi kwa sababu ya taa. Mtoto anasoma usiku, hakuna moshi wa koroboi, hakuna kulipia kuchaji simu dukani. Mtego ulikuja pamoja na mwanga, na ulivumiliwa kwa ajili yake. Kuna wataalamu ambao wakisikia hivyo hukunja uso, kana kwamba wananchi walikosa shukrani au elimu. Mimi naona walipiga hesabu sawasawa. Taa hulipa jioni ileile, na humlipa mwenye nyumba peke yake. Mtego ukimnasa mbu kwako, anayenusurika huenda ni mtoto wa jirani, na usipomnasa hutajua. Taa ikizimika utamtafuta fundi usiku huohuo. Feni ya mtego ikinyamaza, nani atatambua? Na akitambua, vitambaa vya harufu havipatikani katika duka lolote la Mbita. Kituo cha utafiti kinaweza kuweka mafundi maadamu utafiti unaendelea. Betri za sola huchoka baada ya miaka michache, na hapo utafiti umeshamalizika.

Vyandarua navyo vina hesabu yake ufuoni. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Noboru Minakawa walichapisha waliyoyaona katika vijiji vya wavuvi vya eneo hili: vyandarua vilitandazwa chini kuanika omena, na vingine vilitumika kuvua. Habari hiyo ilizunguka dunia kama kashfa. Maelezo ya wavuvi hayakuzunguka vile: omena hukauka upesi zaidi juu ya chandarua, na chandarua ni rahisi au ni cha bure. Tena mvuvi wa omena huwa ziwani na taa zake usiku kucha, saa zilezile ambazo funestus hutafuta damu. Chandarua kinalinda kitanda ambacho hakulalia. Ugawaji mkubwa umekuwa ukifanyika takriban kila miaka mitatu, na vyandarua vingi havifiki miaka mitatu bila matundu. Katika nyumba yenye kitanda cha miti na jiko karibu, mwaka wa tatu ni wa vyandarua ambavyo vimebaki jina.

Juu ya yote hayo kuna mashimo. Macalder na vijiji vingine vya Nyatike, kaunti ya Migori, vina mashimo ya dhahabu ambayo mchimbaji huyaacha mshipa unapoisha, kisha mvua huyajaza. Kuna mashimo ya matofali, kuna mifereji ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Kuja, kuna kingo za ziwa zenye magugu maji. Mbu wa aina ya gambiae hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua, funestus hupenda maji yanayokaa yenye majani. Wote wawili wamepata makao. Kila mkakati huwa na aya inayotaja kuua viluwiluwi, na mara nyingi kazi huishia kwenye aya.

Pamoja na hayo, mambo hayajasimama. Katika tafiti za kitaifa, watoto wenye vimelea katika kaunti za ukanda wa ziwa walikuwa asilimia 38 mwaka 2010, 27 mwaka 2015 na 19 mwaka 2020. Ni kushuka kwa nusu katika miaka kumi, na kulipatikana kwa vifaa hivihivi vyenye kasoro. Bado mwaka huo wa 2020 mtoto mmoja katika kila watano alikuwa na malaria mwilini, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 6.

Kama kuna anayerudi kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, ni mhudumu wa afya wa kijijini, ambaye Nyanza wengi humwita nyamrerwa. Anazijua nyumba zake kama mia moja: nani ana mimba, chandarua cha nani kimechanika, mtoto wa nani ametimiza miaka miwili wiki iliyopita. Anapima kidole kwa kipimo cha haraka na kutoa dawa mseto bila malipo. Septemba 2023 serikali iliwazindua upya wahudumu hawa, kama laki moja nchini kote, wakiwa na mkoba wa vifaa na simu ya kuandikia taarifa. Posho yao ilikubaliwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Kwa hiyo mtu huyu anategemea mifuko miwili ambayo mara nyingi haifunguki siku moja. Vipimo vikiisha kwenye mkoba, bado anaweza kupita kusalimia na kumwambia mama ampeleke mtoto zahanati, na mama atakwenda mara ya kwanza na ya pili. Posho ikikosekana miezi mitatu, nauli ya boda boda ya kufika nyumba za mbali hutoka mfukoni mwake, kwa hiyo nyumba za mbali ndizo zinazoachwa kwanza. Nyingi ni zile zilizo karibu na mashimo na ufuo. Gharama ya kumlipa kwa wakati ni ndogo ukiilinganisha na ya upuliziaji wa msimu mmoja, na haihitaji dawa kutoka ng'ambo wala idhini ya mji mkuu wa nchi nyingine. Inahitaji mhasibu wa Homa Bay na mhasibu wa Migori, kila mwezi.